Kiwanda cha mkonge: mashine ya ukubwa gani inatosha hekta 300?

Msimamizi_Singa

Wakuu, habari za leo.

Chama chetu cha ushirika kiko wilaya ya Korogwe, mkoa wa Tanga. Tuna hekta 300 za mkonge aina ya 11648. Hekta 240 tunakata, 60 zilizobaki zimepandwa mwaka jana. Mpaka sasa majani tunayapeleka kwenye kiwanda cha jirani. Foleni ni ndefu, majani yanafika mashineni yakiwa yameshakauka, na singa (nyuzi za mkonge) zinapoteza daraja. Wanachama wameamua tujenge cha kwetu.

Wauzaji wametupa mapendekezo matatu:

1. Raspada (mashine ndogo za kukwangua majani) 6 za kulisha kwa mkono
2. Mashine ya kati ya kujilisha yenyewe, majani 12,000 kwa saa
3. Korona kubwa (mashine ya kukamua ya viwanda vikubwa vya mkonge), majani 25,000 kwa saa

Kisima chetu kinatoa lita 5 kwa sekunde bila kushuka. Umeme wa msongo wa kati unapita karibu na kiwanja, ila transfoma tutanunua wenyewe. Wajumbe wengi wanataka korona kubwa "tusije tukajuta baadaye". Mimi naona tutazidisha deni. Naomba mnisaidie hesabu, siyo maoni ya jumla.

---

FundiNgoma

Mkuu, anza na jani, mashine itafuata. Karatasi ya muuzaji ina namba moja tu, majani kwa saa, na namba hiyo imepimwa meza ya kulishia ikiwa imejaa bila pengo, majani marefu yaliyonyooka, ngoma (pipa lenye visu linalozunguka na kukwangua jani) mpya. Shambani mambo hayako hivyo.

Hesabu yenyewe ni hii. Badilisha namba zangu uweke za kwenu mkishapima.

Ukipanda mistari pacha, njia ya mita 4, mita 1 kati ya mistari na mita 1 kati ya mche na mche, unapata miche 4,000 kwa hekta. Ondoa mapengo, baki na 3,400. Kila mche ukitoa majani 30 ya kukata kwa mwaka, hekta moja ni majani 102,000. Hekta 240 ni majani 24,480,000 kwa mwaka. Siku za kazi usiweke 300. Masika yanakula siku nyingi kwa sababu matela hayaingii shambani na singa hazikauki. Weka 250. Unapata kama majani 98,000 kwa siku.

Jani la gramu 550 likitoa asilimia 3.5 ya singa kavu, hiyo ni gramu 19. Kwa siku una tani 54 za majani mabichi na tani 1.86 za singa kavu. Kwa mwaka ni tani 465. Shika namba hizi mbili, 98,000 na 1.86, kila kitu kiwandani kinapimwa kwa hizo.

Sasa mashine. Katika zamu ya saa 8, ngoma zinakamua kwa saa 6 hivi. Mbili zilizobaki zinakwenda kwenye kuwasha, kusafisha, kusubiri tela, kukaza kamba, kuzibua. Na hata katika saa hizo 6 meza haijai kikamilifu, chukua asilimia 80 ya uwezo wa karatasi.

Raspada: mtu mmoja analisha kama majani 500 kwa saa, maana kila jani analiingiza nusu, analivuta, analigeuza, anaingiza nusu ya pili. Saa 6 ni majani 3,000. Mnahitaji walishaji 33 kwa siku, na raspada yenye nafasi mbili za kulishia inabeba wawili tu. Sita hazifiki hata nusu ya kazi yenu. Juu ya hapo, raspada inakata mikono ya watu, hasa jioni mlishaji akishachoka. Kwa mkulima wa hekta 10 naielewa, kwa tani 465 hapana.

Mashine ya kati: 12,000 mara 0.8 ni majani 9,600 kwa saa. Majani 98,000 yanahitaji saa 10.2 za kukamua, yaani kama saa 14 za mchana mzima ukihesabu visimamo. Zamu mbili fupi, saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku.

Korona kubwa: majani 20,000 halisi kwa saa. Inamaliza kazi kwa saa 4.9, zamu moja na muda unabaki.

Kwa hiyo zote mbili zinaweza. Swali ni ipi italishwa ikashiba. Korona ya 25,000 haili umeme nusu kwa sababu umeipa majani nusu. Ngoma zinazunguka vilevile, maji yanamwagika vilevile, wafanyakazi wa mezani ni walewale. Mbaya zaidi, tabaka la majani likiwa jembamba na lenye mapengo, kamba za kushikia hazibani sawasawa. Jani linachomoka, linavutwa na ngoma, singa zake zinaishia kwenye taka. Mashine yenye njaa inapoteza singa hata ikiwa nzima.

Kabla ya kusaini popote, hesabu wakataji. Majani 98,000 ni mafungu 3,270 ya majani 30. Mkataji akitoa mafungu 80 kwa siku mnahitaji wakataji 41 shambani kila siku, na kwenye orodha wasiopungua 50 maana kila siku kuna wasiokuja. Mnao? Kama mnao 25, kiwanda chenu ni cha majani 60,000 kwa siku, hata mkifunga mashine ya aina gani.

---

BintiMkonge

Naongezea alipoishia FundiNgoma, maana watu wengi wananunua ngoma wanasahau maji na uwanja wa kuanikia.

Maji. Mashine za kukamua kwa maji hutumia kama mita za ujazo 100 kwa tani moja ya singa. Tani 1.86 ni mita za ujazo 186 kwa siku. Kisima chenu, lita 5 kwa sekunde, ni mita 18 kwa saa.

Mashine ya kati ikifanya kazi saa 10.2 inataka mita 18.2 kwa saa. Inalingana na kisima karibu sawasawa, na kisima kinaendelea kujaza tangi wakati wa visimamo. Tangi la mita za ujazo 30 linatosha kuzuia mashine isikauke.

Korona kubwa inataka mita 186 zilezile ndani ya saa 4.9, yaani mita 38 kwa saa. Kisima kitaleta 88 katika muda huo. Mita 98 zilizobaki lazima ziwe tayari tangini asubuhi, kwa hiyo jengeni la mita 120 na pampu ya pili ya kulisha mashine. Gharama hiyo haimo kwenye bei ya muuzaji.

Maji yakipungua katikati ya kazi msiendelee "tumalizie tela hili". Maji ndiyo yanayosukuma nyama ya jani na utomvu vitoke kwenye singa. Yakipungua, singa zinatoka kijani zenye gundi, zikikauka zinakuwa ngumu na hakuna burashi itakayozirudisha.

Kuanika. Singa zikitoka kwenye ngoma zina maji kama asilimia 60, kwa hiyo tani 1.86 kavu ni tani 4.6 mbichi za kubeba kila siku. Ukianika kwa unene unaoruhusu jua kupenya, mita moja ya waya inachukua kama kilo 1 kavu. Hii msinichukulie kama sheria: anikeni mita 10, zikauke, pimeni. Kwa kilo hiyo mnahitaji waya mita 1,860 kwa siku ya jua. Siku za mawingu singa zinalala siku mbili, wakati mwingine tatu, kwa hiyo fungeni waya mita 3,700 kwa kuanzia. Mistari ikiachana mita 1.2 ili mtu apite na mzigo, hapo mmeshatumia zaidi ya ekari moja, bila kuhesabu njia.

Uwanja usiwe upande upepo unakotoa vumbi la barabara. Waya uwe wa mabati, kutu inaacha alama ya kahawia na alama hiyo inashusha daraja.

Zamu ya jioni. Hapa ndipo naitilia shaka hesabu ya saa 14. Singa zinazotoka saa 12 jioni zitakaa wapi? Zikirundikwa mbichi hadi asubuhi zinapata joto, zinageuka njano, na rangi hiyo haitoki. Ama mfunge taa uwanjani na muwe na watu wa kuanika usiku, ama mpunguze zamu ya pili. Zilizoanikwa usiku hazikauki lakini hazichachi, hilo linakubalika.

---

Mzee wa Mlingano

Vijana mmeeleza vizuri. Mimi nina hoja mbili.

Ya kwanza ni usafiri. Tani 54 kwa tela la tani 5 ni safari 11. Shamba likiwa kilomita 8 na trekta likitembea kilomita 12 kwa saa, kwenda na kurudi ni dakika 80. Kupakia dakika 60, kushusha 20. Jumla dakika 160, trekta moja inafanya safari 3 kwa siku, mnahitaji matrekta 4. Lakini mkinunua matela 6, matatu yakibaki shambani yanapakiwa na mengine kiwandani yanashushwa, trekta haisubiri. Inafungua tela tupu, inafunga lililojaa, inaondoka. Safari inashuka hadi dakika 100, matrekta 3 yanatosha. Tela ni rahisi kuliko trekta.

Jani likatwe leo, likamuliwe leo, au kesho asubuhi likichelewa sana. Likivuka siku mbili utomvu unakauka ndani na ngoma hazisafishi. Nusu ya majani ya jana jioni ikibaki kivulini kwa ajili ya kuanzia kazi asubuhi, hiyo ni akiba nzuri, na itapunguza ile zamu ya jioni ambayo BintiMkonge anaihofia: mashine inaanza saa 12 kamili badala ya kungoja tela la kwanza saa 3.

Ya pili ni swali kwa mwenye mada. Hizo hekta 240 zina umri gani? Mkonge hukaa miaka 10 hadi 12, kisha unatoa mlingoti (shina refu la maua) na unakwisha. Kiwanda hakinunuliwi kwa majani ya mwaka huu. Tupe umri wa kila kitalu cha shamba.

---

Msimamizi_Singa

Nawashukuru sana. Nimeangalia daftari la shamba:

- Hekta 90 ziko mwaka wa tisa, mlingoti umeanza kuonekana pembeni
- Hekta 150 ziko kati ya mwaka wa nne na wa sita
- Hekta 60 changa

Wakataji wa kudumu tunao 38, na wa vibarua wanaongezeka msimu wa kiangazi. Hekta 90 hatujapanga lini tutang'oa.

---

FundiNgoma

Basi jibu limejitokeza. Miaka miwili hadi mitatu ijayo hekta 60 zinaingia kwenye kukatwa, na karibu wakati huohuo 90 zinatoka. Mtabaki na hekta 210. Hiyo ni majani 21,420,000 kwa mwaka, 85,680 kwa siku. Kwa mashine ya kati ni saa 8.9 za kukamua, saa 12 za mchana pamoja na visimamo. Zamu ya jioni inaisha kabla ya giza kuingia sana na kisima kinatosha.

Korona ya 25,000 kwa majani hayo itafanya kazi saa 4.3 kwa siku. Mtakuwa mnalipia deni la mashine inayolala.

Ushauri wangu: nunueni ya kati, ila jengo na msingi vikae vizuri kwa mashine ya pili ya aina ileile. Mfereji wa taka uchimbwe kwa upana wa mashine mbili tangu mwanzo. Kuupanua baadaye ni kubomoa sakafu. Siku hekta 90 zitakapokuwa zimepandwa upya na kuanza kukatwa, hekta zote 300 zitatoa majani 122,400 kwa siku, na mashine moja itahitaji saa 17. Hapo ndipo mnaleta ya pili, na mnapata faida ambayo korona moja kubwa haiwapi: beringi ya ngoma ikifa, nusu ya kiwanda inaendelea na majani hayaozi kwenye matela.

Miche ya hizo hekta 90 iingie kitaluni mwaka huu. Inakaa huko mwaka mmoja na zaidi, kisha shambani kama miaka mitatu kabla ya kukatwa. Msiposogeza hilo sasa, mtakuwa na pengo la majani wakati bado mnalipa mkopo.

---

Waya Tatu

Upande wa umeme hamjaugusa. Mwombe muuzaji orodha ya mota zote, siyo za ngoma peke yake. Kwa mfano: ngoma ya kwanza kW 75, ya pili kW 45, meza na mkanda wa taka kW 5.5, pampu kW 15, burashi (mashine ya kusugua singa kavu) kW 11, mashine ya kufunga marobota kW 11. Jumla kW 162.5. Gawa kwa ufanisi wa mota 0.92 na kwa pawa fakta 0.85, unapata kVA 208. Transfoma ya 200 haitoshi zote zikiwaka pamoja zikiwa na mzigo kamili.

Lakini burashi na kufunga marobota havihitaji kwenda sambamba na ngoma. Singa zinazopigwa burashi leo ni za jana au juzi. Mkiviweka kwenye saa ambazo ngoma zimesimama, mzigo unashuka hadi kVA 180. Ila mkitaka nafasi ya mashine ya pili alivyosema FundiNgoma, msifunge ya 200 kabisa. Nendeni hatua kubwa zaidi mara moja, maana gharama ya nguzo na kazi ni ileile.

Jenereta ya akiba nayo ina mtego. Mota ya kW 75 ikiwashwa moja kwa moja inavuta mara 6 hivi ya mkondo wake wa kawaida, jenereta inashuka volti na kontakta zote zinaachia. Sisitizeni kiwashio laini kwenye ngoma zote mbili, na washeni ngoma kubwa kwanza wakati jenereta haina mzigo mwingine.

---

BintiMkonge

Marobota: robota la kilo 250, tani 1.86 ni marobota 7 au 8 kwa siku. Mashine moja ya kufunga, hata ikichukua nusu saa kwa robota, inamaliza kwa saa 4. Mkipewa bei ya mashine mbili za kufunga kataeni. Burashi nayo iulizwe kwa kilo kwa saa na ipimwe kwenu: kwa zamu ya saa 6 mnahitaji kilo 310 kwa saa. Singa ziingie burashini zikiwa kavu kabisa. Zenye unyevu zinakatika na zile fupi zinaongezeka. Na robota lililofungwa na unyevu linaota ukungu katikati, mnunuzi akilifungua bandarini mmeshapoteza bei ya shehena nzima.

Taka: kiwanda cha maji hutoa kama tani 25 za taka ngumu kwa kila tani ya singa. Kwenu ni zaidi ya tani 46 kwa siku! Msizielekeze mtoni. Maji yake yana asidi na yanaua samaki, mtafungiwa na mtastahili. Chimbeni mabwawa ya kutuama, taka ngumu irudi shambani kama mbolea baada ya kuoza. Pale Hale, Korogwe hiyohiyo, taka za mkonge zilishawahi kutumika kuzalisha gesi na umeme kwa mtambo wa kW 150, kwa hiyo mkiwa na mtaji baadaye njia ipo.

---

Msimamizi_Singa

Hii nitaipeleka kwenye kikao kama ilivyo. La mwisho: muuzaji anasema atakuja "kuikabidhi" mashine kwa siku moja. Tunaipokeaje ili tusibambikwe?

---

FundiNgoma

Andikeni jaribio kwenye mkataba, na malipo ya mwisho yasubiri matokeo.

Hesabuni majani 1,000 ya shamba lenu, ya urefu mchanganyiko kuanzia sentimita 60, yaliyokatwa siku hiyohiyo. Yapimeni uzito. Yapitisheni, singa zikaushwe mpaka unyevu wa asilimia 12 hivi, zipimwe tena. Kwa kilo 550 mnatarajia kama kilo 19. Zikija 16, kilo 3 zimeenda na taka, karibu asilimia 16. Kwa tani 465 za mwaka hiyo ni zaidi ya tani 70 mnazotupa.

Thibitisheni kwa upande wa pili: chukueni kilo 100 za taka chini ya ngoma, zioshwe kwenye wavu, singa zilizomo zikaushwe na zipimwe. Mkiona singa ndefu, jani linachomoka kwenye kamba za kushikia: zimelegea au majani hayakupangwa vitako vikiwa mstari mmoja. Mkiona singa fupi zilizokatika, nafasi kati ya visu vya ngoma na bamba lililo mkabala ni finyu mno. Singa zikitoka na nyama ya kijani katikati ya urefu wake, ngoma ya pili haianzii pale ya kwanza ilipoishia, kamba ya pili inashika mbali. Nyama ikibaki urefu wote, nafasi ni pana au visu vimelika.

Rudieni kwa saa moja mfululizo kwa kasi ya kawaida, mkihesabu mafungu yanayopanda mezani. Kama kwa saa hiyo hayafiki mafungu 320, hiyo siyo mashine ya 12,000.

Na kwenye bei hiyohiyo zidaini beringi seti moja ya kila ngoma, seti mbili za visu, kamba za kushikia za mwaka mzima, na michoro yenye vipimo vya nafasi za visu. Muuzaji akikataa kutoa michoro, tafuteni mwingine.